Ukinzani ukizidi, joto linapanda au linashuka?

Kuna fomula mbili za umeme ambazo mwanafunzi wa sekondari huzikariri siku moja, mara nyingi kwenye ukurasa mmoja, na hakuna anayemwonya kwamba zinaonekana kugombana. Ya kwanza inasema nguvu ni mkondo mara mkondo mara ukinzani (kiasi ambacho kitu huzuia umeme kupita), yaani P = I²R. Hapo ukinzani ukiongezeka, wati zinaongezeka. Ya pili inasema nguvu ni volteji mara volteji, kisha ugawe kwa ukinzani: P = V²/R. Hapo ukinzani ukiongezeka, wati zinapungua. Sasa tushike ipi?

Muulize fundi wa stima pale Langoni, Lamu, naye atakupa mifano miwili inayopingana vilevile, na yote miwili ni ya kweli. Birika lenye ukinzani mdogo ndilo linalochemsha maji upesi. Lakini kiungo cha waya chenye ukinzani mkubwa ndicho kinachoyeyusha soketi ukutani. Mafundi wengi hulijua jambo hili kwa mikono miaka mingi kabla ya kulijua kwa kalamu, na wanafunzi wengi hulijua kwa kalamu bila kuona lina uhusiano gani na soketi nyeusi ya jikoni kwao. Fundo hili hufunguka, tena bila fomula ya tatu. Tunahitaji namba mbili tu, volti na ampea, na kujua kila moja inatoka wapi.

Geuza birika lako la umeme usome kibandiko cha chini. Tuseme limeandikwa wati 2000, volti 240. Hiyo 240 ndiyo volteji rasmi ya majumbani hapa Kenya, iwe Malindi, Lamu au Kisumu. Volteji ni msukumo. Ipo kwenye soketi hata kama hakuna kilichochomekwa. Mkondo ni umeme wenyewe unaopita, nao hupimwa kwa ampea. Hauwi na namba yoyote mpaka uchomeke kitu na kuwasha swichi. Birika letu likiwaka linavuta 2000 ÷ 240, yaani ampea 8.33.

Basi tunazo namba mbili: volti 240 na ampea 8.33. Zigawanye, 240 ÷ 8.33, upate 28.8. Huo ni ukinzani wa birika, omu 28.8. Zizidishe, 240 × 8.33, upate 2000. Hizo ni wati zake. Namba zilezile mbili, majibu mawili, na majibu hayo si ya swali moja. Kugawanya kunakueleza kifaa kikoje: waya wake wa joto una urefu gani, unene gani, umetengenezwa kwa madini gani. Kuzidisha kunakueleza kifaa kinafanya nini sasa hivi, kwenye volteji hii. Birika likiwa kabatini lina omu 28.8 karibu zilezile, lakini halina wati hata moja. Mkanganyiko mwingi ninaousikia kwenye habari hizi, shuleni na dukani, hutokana na kuzichukulia wati kama tabia ya kifaa. Kibandiko chenyewe kina makosa kidogo hapo: kinaposema wati 2000 kinamaanisha “wati 2000 ukinipa volti 240”, ila sehemu ya pili watu hawaisomi.

Wengi hufundishwa haya kwa mfano wa tangi la maji juu ya paa. Urefu wa tangi ni volteji, maji yanayopita ni mkondo, wembamba wa bomba ni ukinzani. Sina ugomvi na mfano huo kwa dakika tano za kwanza. Baada ya hapo unapotosha, kwa sababu bomba likikatika maji humwagika, ilhali waya ukikatika umeme husimama. Na maji ya bombani hayakufundishi chochote kuhusu joto, ambalo ndilo tunalolitafuta. Tuuache hapo.

Kuhusu vizio, jambo moja tu. Volti moja ikipitisha ampea moja, ukinzani ni omu moja na nguvu ni wati moja. Ndiyo maana hakuna namba ya ziada ya kukumbuka kwenye fomula hizi. Ila zote zinadai volti kamili na ampea kamili. Ukiwa na miliampea 300 andika 0.3 kabla ya kuanza hesabu, la sivyo jibu lako litakosea mara elfu au zaidi na utashangaa kwa nini taa ya mezani ina nguvu za mashine ya kusaga nafaka.

Kuzidisha kuna kazi nyingine ya kila siku. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani, na nyingi huja na ya ampea 13. Mara 240, hizo ni wati 3120. Kwa hiyo birika na pasi ya wati 1200 vikichomekwa kwenye ekstensheni moja ni wati 3200, na mstari umeshavukwa. Fyuzi haitakatika papo hapo, kwa kuwa fyuzi huvumilia kidogo, lakini waya wa ekstensheni utakuwa unapata joto muda wote huo. Televisheni ya wati 100, kwa upande mwingine, inavuta ampea 0.42 tu, fyuzi ya ampea 3 inaitosha kabisa, na ile ya 13 ingeuacha waya wake mwembamba uungue kabla yenyewe haijakatika. Fyuzi humlinda waya, haimlindi televisheni.

Turudi kwenye fundo.

Georg Simon Ohm, ambaye jina lake ndilo limekuwa kizio cha ukinzani, alikuwa mwalimu wa shule mjini Cologne, Ujerumani. Alichapisha sheria yake mwaka 1827. Kikwazo chake kikubwa hakikuwa hesabu. Betri za zama zake zilichoka katikati ya jaribio: alipobadilisha waya kuona mkondo utapungua kiasi gani, msukumo nao ulikuwa umekwisha kushuka, kwa hiyo hakujua lipi limesababisha lipi. Akaziacha betri, akatumia kiungo cha madini mawili, shaba na bismathi, upande mmoja ukiwa kwenye maji yanayochemka na wa pili kwenye barafu inayoyeyuka. Tofauti hiyo ya joto haibadiliki, basi na msukumo wake haukubadilika. Hapo ndipo sheria ilipojitokeza: msukumo ukiwa uleule, mkondo unafuata ukinzani peke yake.

Zingatia alichokifanya. Alishikilia kitu kimoja kisibadilike. Na hilo ndilo swali la kuuliza kila unapoona fomula ya wati: ni nini hapa kimeshikiliwa? P = V²/R ni fomula ya mahali ambapo volteji haibadiliki. P = I²R ni fomula ya mahali ambapo mkondo haubadiliki. Zote mbili zimetoka kwenye P = V × I, na zote mbili ni kweli wakati wote; ila ukisema “ukinzani ukizidi” bila kusema nini kinabaki vilevile, umeuliza nusu ya swali.

Balbu mbili za zamani, zile za uzi, zinalionyesha hili vizuri kuliko maelezo yangu. Moja ya wati 60, moja ya wati 100, zote za volti 240. Ya 60 inavuta ampea 0.25, kwa hiyo ukinzani wake ni omu 960. Ya 100 inavuta 0.417, ukinzani ni omu 576. Zifunge sambamba, kama taa za nyumba yoyote zinavyofungwa: kila moja ina volti 240 zake, na yenye ukinzani mdogo, ile ya 100, inang’aa zaidi. Hakuna ajabu.

Sasa zifunge kwa mfululizo, mkondo upite balbu ya kwanza ndipo uingie ya pili. Ukinzani wa jumla ni 960 + 576, yaani omu 1536. Mkondo ni 240 ÷ 1536, ampea 0.156, na mkondo huo ni mmoja kwa balbu zote mbili, kwa sababu hauna njia nyingine. Balbu ya wati 60 sasa inapata 0.156 × 0.156 × 960, karibu wati 23. Ile ya wati 100 inapata wati 14. Iliyoandikwa 60 imeishinda iliyoandikwa 100! Katika maisha halisi tofauti huwa kubwa hata kuliko hii, kwa sababu uzi wa balbu ukipoa ukinzani wake hushuka, na balbu ya 100 ndiyo inayopoa zaidi. Mwalimu yeyote wa fizikia mwenye soketi mbili za balbu na kipande cha waya anaweza kuwaonyesha wanafunzi hili, na ningependa lionyeshwe kabla fomula haijaandikwa ubaoni.

Balbu hizo zina funzo lingine la pembeni. Ukipima balbu ya wati 60 ikiwa baridi kwa multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi, hutapata omu 960. Utapata chini ya mia moja. Multimita haijaharibika. Uzi wa tangsteni ukiwa wa moto, unakinza zaidi ya mara kumi kuliko ukiwa baridi, na omu 960 ni za balbu inayowaka. Ndiyo sababu balbu hizo hupenda kufa wakati wa kuwashwa: kwa sehemu ndogo ya sekunde ya kwanza mkondo ni mkubwa mno.

Sasa soketi. Hapa ndipo Lamu na Malindi zinapoingia kwa haki yao, kwa sababu umeme wa pwani una adui ambaye umeme wa bara haumjui sana. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Shaba ikikaa humo huota kutu ya kijani, skrubu ya soketi hupoteza mng’ao, na sehemu ambayo waya na bamba la shaba vinagusana hupungua mpaka vibaki vidoa vidogo vidogo tu. Umeme wote wa birika unalazimika kupenya kwenye vidoa hivyo. Kiungo kilichokuwa na ukinzani usiopimika kinakuwa na, tuseme, omu moja.

Omu moja inaonekana si kitu mbele ya 28.8 za birika. Tupige hesabu. Kiungo na birika viko kwa mfululizo, jumla omu 29.8. Mkondo ni 240 ÷ 29.8, ampea 8.05. Volti zinazopotea kwenye kiungo ni 8.05 × 1, kama volti nane. Wati zake ni 8.05 × 8.05 × 1, karibu 65. Birika lenyewe limeshuka hadi wati 1868, na mwenye kupika chai hatatambua. Maji yatachelewa kwa sekunde chache. Lakini wati 65 ni zaidi ya chuma cha kulehemia redio, na hapa zimekusanyika kwenye skrubu moja ndani ya plastiki, bila hewa. Birika lina wati 1868 na lita ya maji ya kuzipokea. Skrubu haina pa kuzipeleka. Plastiki inalainika, inabadilika rangi, inatoa ule mnuko unaofanana na wa samaki ambao watu hulaumu jikoni. Joto nalo linatanua chuma na kukioza zaidi, kiungo kinalegea zaidi, omu moja inakuwa mbili.

Na sakiti breka? Haitaanguka. Hili ndilo ambalo ningetaka kila mwenye nyumba alijue. Breka huhesabu ampea, na kiungo kibovu kimepunguza ampea kutoka 8.33 hadi 8.05. Kwa breka, mambo yamekuwa mazuri zaidi. Inalinda dhidi ya mkondo kuzidi. Haina jicho la kuona mkondo wa kawaida ukipita mahali pabovu. Watu husema “breka haikuanguka, kwa hiyo si stima”, na kwenye nyumba ya makuti hiyo ni hoja ya hatari sana.

Tuendelee kuukuza ukinzani wa kiungo hicho kwenye karatasi, tuone lile swali la kichwa cha habari linajibiwaje. Kikiwa omu 0, wati zake ni sifuri. Omu 1, wati 65. Omu 5, karibu wati 252. Kikifikia omu 28.8, sawasawa na birika, volti zinagawanyika nusu kwa nusu na kiungo kinapata wati 500, ambacho ndicho kilele. Kikipita hapo, wati zinaanza kushuka: kwenye omu 1000 zimebaki kama 54, na kikikatika kabisa ni sifuri tena. Kwa hiyo ukinzani ukizidi joto linapanda, kisha linashuka. Upande wa kupanda, birika ndilo linaloamua mkondo, na kiungo ni abiria tu; hapo P = I²R ndiyo inayoona vizuri. Upande wa kushuka, kiungo kimekuwa kikubwa kuliko birika, karibu volteji yote ya soketi imekiangukia chenyewe, na P = V²/R ndiyo inayotawala. Fomula hazikugombana. Zilikuwa zinatazama kilima kimoja kutoka pande mbili. (Bila shaka soketi halisi haifiki kileleni, huwa imeungua zamani.)

Volteji ya nyumbani nayo si 240 daima. Jioni, feni na friji za mtaa mzima zikiwa kazini, mwisho wa laini inaweza kushuka. Tuseme ni 200. Ukinzani wa birika haujabadilika, omu 28.8, basi wati ni 200 × 200 ÷ 28.8, karibu 1389. Volti zimepungua kwa asilimia 17, wati zimepungua kwa asilimia 31, kwa sababu msukumo ukishuka mkondo nao hushuka, na wati ni zao la vyote viwili. Lita moja na nusu ya maji ya nyuzi 28 ilikuwa ichemke kwa dakika tatu na sekunde 46; sasa itachukua dakika tano na sekunde 25, bila kuhesabu joto linalopotea. Tokeni hazijali. Maji yanahitaji nishati ileile, kama sehemu moja ya nane ya yuniti, upesi au polepole.

Hesabu hii ni ya vitu vya joto tu: birika, pasi, jiko la koili, shawa ya umeme. Usiipeleke kwenye friza ya samaki. Kompresa yake ina mzigo wa kusukuma gesi, na mzigo huo haupungui kwa sababu volteji imeshuka. Mota inajitahidi kwa kuvuta ampea zaidi, inapata joto, na ikishindwa kuanza kuzunguka kabisa huvuta ampea mara kadhaa ya kawaida hadi iungue. Ndiyo maana kile kifaa cha kulinda friji hukata umeme volteji inaposhuka, si inapopanda pekee.

Chaja ya simu ni kiumbe wa aina ya tatu. Soma maandishi yake madogo: 100–240V. Saketi yake ya ndani hujirekebisha ili itoe wati zilezile. Tuseme inavuta wati 10. Kwenye volti 240, ukigawanya volti kwa ampea unapata “ukinzani” wa omu 5760. Kwenye volti 120 unapata 1440. Hakuna aliyefungua chaja akabadilisha kitu, lakini ukinzani umeshuka mara nne. Jibu la kugawanya lipo, ila halielezi tena kifaa kikoje. Ohm alizungumzia waya za metali zikiwa kwenye joto lisilobadilika. Hakuahidi chochote kuhusu chaja wala taa za LED.

Feni ya dari, pangaboi letu, lina lake. Zidisha volti kwa ampea zake upate 80, tuseme. Kipima wati kitakuonyesha chini ya hapo. Kwenye umeme wa kupishana, yaani huu wa majumbani unaogeuza mwelekeo kila mara, koili za mota huchelewesha mkondo nyuma ya volteji, na sehemu ya umeme huenda na kurudi bila kufanya kazi. Ndiyo sababu invata huandikwa VA, yaani volti mara ampea: invata ya VA 1000 haikuahidi wati 1000, na muuzaji anayekuambia ni kitu kimoja ama hajui ama ana haraka ya kuuza.

Tutoke nje ya nyumba twende kwenye maji. Mashua nyingi za uvuvi zina betri ya volti 12, na ukitaka kuona ukinzani wa waya ukifanya ujeuri, nenda huko. Chukua taa ya uzi ya wati 60 ya volti 12. Inavuta ampea 5, ukinzani omu 2.4. Betri iko nyuma karibu na injini, taa iko mbele, mita 10. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una karibu omu 0.012 kwa kila mita, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 20: omu 0.24. Jumla ya ukinzani ni 2.64, mkondo unashuka hadi ampea 4.55, taa inapata volti 10.9 badala ya 12, na wati zake zinakuwa karibu 50. Wati nyingine 5 zinapasha joto waya bure. Mvuvi atasema betri imechoka, atanunua nyingine, na taa itabaki na ufifi uleule. Dawa ilikuwa waya mnene zaidi, wa milimita mraba 4 au 6.

Waya huohuo wa mita 20 ukiwa nyumbani, kwenye balbu ya wati 60 ya volti 240, unapitisha ampea 0.25 na kupoteza wati 0.015. Kutoka volti 12 hadi 240 ni mara 20. Upotevu umepungua zaidi ya mara 300, na ungepungua mara 400 kamili, yaani 20 mara 20, kama waya wa mashua haungeushusha mkondo wa taa, yote kwa sababu ya ile I mraba.

Sababu hiyohiyo ndiyo iliyochagua ukubwa wa volteji kwenye zile nguzo za chuma unazoziona ukisafiri kutoka Malindi kwenda Lamu. Laini ya gridi inayotoka Rabai, kupitia Malindi na Garsen hadi kaunti ya Lamu, ni ya volti 220,000. Hakuna kifaa chochote duniani cha nyumbani kinachotaka volti hizo. Zimewekwa ili mkondo uwe mdogo. Kama nguvu zilezile zingesafirishwa kwa volti 33,000, mkondo ungekuwa mkubwa zaidi ya mara sita, na joto linalopotea kwenye waya uleule lingezidi zaidi ya mara 44. (Laini halisi ina nyaya tatu, na hesabu yake kamili ina kizidisho cha ziada, lakini uwiano ni huohuo.) Kabla ya gridi kufika, mji wa Lamu ulitegemea jenereta za dizeli zilizokuwa jirani, na umeme wa karibu hauhitaji volti kubwa kiasi hicho. Umbali ndio unaozidai.

Ukitaka kupima mwenyewe, kumbuka kwamba volteji hupimwa kati ya nukta mbili na mkondo hupimwa kwa kuupitisha ndani ya kipimo. Multimita iliyowekwa kwenye ampea ina ukinzani karibu na sifuri. Ukiichomeka hivyo kwenye soketi, 240 ugawe kwa kitu kilicho karibu na sifuri, na utakachopata ni mlipuko mkononi. Kwa nyumbani mimi napendelea kile kipimo cha kuchomeka kinachoonyesha volti, ampea na wati kwenye kioo kidogo. Hakigusishi mtu na waya.

Kichomeke kwenye soketi, kisha chomeka birika lenye maji kwenye kipimo hicho. Kabla ya kuwasha kinaonyesha, tuseme, volti 236. Washa: zimeshuka hadi 226, na mkondo ni ampea 7.85. Volti 10 zimepotelea njiani, na 10 ÷ 7.85 ni omu 1.27. Huo ni ukinzani wa kila kitu kilicho nyuma ya soketi hiyo, na 10 × 7.85 ni wati 78 zinazopasha joto mahali fulani. Rudia kwenye soketi ya chumba kingine. Ikiwa huko volti zinashuka 2 au 3 tu, ubovu uko kwenye soketi ya kwanza au waya wake: zima breka, mwite fundi afungue, akate ncha iliyooza, aisafishe shaba na kukaza skrubu upya. Ikiwa soketi zote zinashuka 10, tatizo liko kabla ya kisanduku cha breka, kwenye mita au kwenye waya unaotoka nguzoni, na huko ni kupiga simu kwa kampuni ya umeme, hata kama binamu yako ana ngazi.